Nilipanda kilima alichofia mdogo wangu Ufaransa, juu ya baiskeli yake

Wakuu, salamu kwenu kutoka Bunia, mtaa wa Lumumba.

Mimi humu nasoma tu, siandiki. Leo naandika. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoambiwa nitasema nani aliniambia. Maneno ya watu wa nyumbani nitayaacha kama walivyoyasema, kwa Kiswahili cha kwetu Ituri. Mtaelewa.

Kwanza niwape msingi, bila huo mengine hayatashikamana.

Mimi ni fundi wa umeme wa jua. Chuo sikuona mlango wake. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua vifaa vilivyokufa. Umri umepita hamsini.

Baba yetu alikuwa anapandisha samaki kwa baiskeli, kwetu tunasema kinga, kutoka Kasenyi kando ya ziwa mpaka soko la Bunia. Anayeijua njia ile anajua kwamba ukiacha ziwa, mbele yako kuna ukuta. Samaki wakavu wako ndani ya kikapu, kikapu kiko nyuma ya kinga, na hakuna mwanaume anayekaa kwenye kiti pale. Unasukuma. Siku zisizo za shule, mimi na mdogo wangu Dieudo tulisukuma nyuma ya baba.

Kwenye ule mlima kulikuwa na sheria mbili.

Ukimkuta mtu anasukuma, hata kama humjui, unaweka mkono kwenye mzigo wake na kusukuma naye mpaka kona inayofuata. Hakuombi, na wewe hungoji asante.

Ya pili: mzigo haulali mlimani. Mtu akianguka, akiugua, hata akifa, wenzake wanafikisha kikapu chake juu, halafu mpaka nyumbani kwake.

Baba alikuwa na neno lake pia. Alilisema kila tulipochoka: "Musiangalie juu. Muangalie mupira ya mbele." Maana ukitazama juu unaona bado ni mbali, na miguu inasikia.

Basi.

Wakati wa vita Dieudo alivuka kwenda Uganda, na baada ya miaka mingi na nchi nyingi akafika Ufaransa. Si Paris. Kijiji kimoja cha mashamba na misitu, katikati ya nchi. Akapata kazi ya kupasua mbao, akaoa mwanamke wa pale, Hélène. Watoto hawakupata. Kila Jumapili jioni alimpigia mama simu.

Mwaka jana, Jumapili moja, simu ililia jioni kama kawaida. Alikuwa Hélène. Aliniambia Dieudo amefariki asubuhi, msituni, akiwa kwenye baiskeli ya mlimani na rafiki zake. Moyo ulisimama. Kumleta nyumbani haikuwezekana, walimzika kule.

Nikamwambia mama. Hakulia. Aliniuliza swali moja:

"Alikuwa anabeba nini?"

Nikasema hakubeba kitu. Kule watu wazima wanapanda milima kwa kinga siku ya mapumziko, kwa kupenda tu.

"Mutoto yangu nilimuzaa miye," akasema. "Hawezi kupanda mulima na kinga ya bure."

Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba, akadakia: "Hii ni uongo. Mutu mukubwa, hana mzigo, hana fasi anaenda, anakufia mu pori? Walimuua, sasa wanatuchezea."

Wakuu, msimcheke. Mtu aliyeona kinga kama punda maisha yake yote, utamwelezaje kwamba kuna mahali ni mchezo?

Katika ukoo wetu, kilio hakifungwi mpaka mmoja wa tumbo moja na marehemu asimame mbele ya watu na kueleza habari ya kifo: nani alikuwa karibu, ilikuwaje, neno la mwisho lilikuwa lipi. Mpaka hapo, mama wa marehemu analala chini kwenye mkeka. Tumbo moja nilibaki mimi peke yangu. Na mimi sikujua kitu.

Mama alilala kwenye ule mkeka msimu wa mvua ukaja, ukaisha. Kifua kikaanza kumsumbua. Dada wa kanisani walimsihi apande kitandani. Alijibu: "Nikipanda, nitakuwa nimekubali. Nikubali nini? Hakuna mutu ameniambia."

Hélène akanialika. Habari za viza ni ndefu na hazina faida hapa. Nilikwenda.

Nyumba yao ni ya mawe, nyuma kuna banda. Ndani ya banda ilikuwa baiskeli ya Dieudo: matairi mapana yenye meno, rangi ya kijani, na tope la siku ile limekauka kwenye chuma. Hélène hakutaka ioshwe. Sikumwuliza kwa nini.

Kaburi alinionyesha siku ile ile. Nilisimama, nikasali, nikaondoa majani. Lakini kaburi halikunieleza ilikuwaje.

Aliyekuwa naye asubuhi ile ni mzee Marcel, mwoka mikate mstaafu, umri umepita sabini. Alikuja nyumbani akiwa ameshika kofia mikononi. Nilimwomba anipeleke mahali penyewe.

Akasema: "Gari halifiki. Kwa miguu inawezekana." Halafu akaiangalia ile baiskeli. "Lakini yeye hakupita pale kwa miguu."

Kwa hiyo Jumapili nilipanda baiskeli ya mdogo wangu, na Marcel ya kwake. Hélène aliniambia kando kwamba mzee hakuwa ameigusa tangu msiba.

Nitaieleza ile njia, kwa sababu mama aliniambia nisiache kitu.

Unaanza kwenye mto mdogo, penye banda la zamani la mawe ambapo wanawake wa kale walifulia nguo. Mawe yamelika kwa magoti yao. Halafu unapita kati ya kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, ng'ombe weupe pande zote. Ng'ombe wale wangemfurahisha mama. Halafu msitu, na ndani ya msitu barabara ya mawe mapana ambayo Marcel alisema ni ya Warumi. Mikokoteni imeacha mifereji ndani ya mawe. Nilishuka nikaweka mkono mle. Watu waliobeba mizigo pale wamekufa hata lugha yao haisemwi tena, lakini jiwe bado linakumbuka gurudumu.

Na katika kila kijiji, hata chenye nyumba chache, kuna nguzo yenye majina ya waliokufa vitani. Nilisoma mojawapo yote. Ndugu watatu wa jina moja la ukoo. Nilifikiria Ituri. Kwetu majina kama hayo yako midomoni mwa mama zao, na mama wakienda, yanaenda nao.

Turudi njiani.

Kulikuwa na mteremko mkali. Baiskeli ile ina breki nzuri kuliko gari langu. Lakini mwili una kumbukumbu zake: mwendo ulipozidi, mguu wangu ulitoka wenyewe na kukanyaga tairi la nyuma kwa soli, kama tulivyofanya tukishuka Kasenyi na kinga isiyo na breki. Meno ya tairi yalikamata kiatu, nikatua kwenye majani, soli imening'inia kama ulimi wa mbwa.

Marcel alikuja anakimbia ameogopa. Alipoona kiatu, alicheka mpaka akashika mti.

"Yeye pia!" akasema. "Siku ya kwanza kabisa! Mguu ule ule!"

Nikacheka na mimi. Halafu tukaacha kucheka, sote wawili kwa pamoja.

Alinifungia soli kwa kamba, tukaendelea. Tukafika chini ya kilima. Juu yake kuna kanisa dogo la kale. Njia ni nyembamba, mawe na mizizi, na katikati kuna mwaloni mkubwa. Kwa mtu wa Kasenyi si kilima cha kutisha.

Tulisukuma mpaka kwenye mwaloni. Marcel akasimama.

"Ni hapa," akasema.

Akaongea bila kunitazama.

"Niliwaambia wote kwamba tulikuwa tunapanda pamoja. Ni kweli, lakini si yote. Mimi kilima hiki siwezi tena. Kila Jumapili yeye alikuja kando yangu, anaendesha kwa mkono mmoja, na mkono mwingine anauweka hapa." Akagusa mgongo wake, juu ya kiuno. "Sikumwomba. Wenzetu walinitania, walisema Marcel amenunua injini ya Kikongo. Siku ile nilimwambia aniache, nitatembea. Akajibu kama kawaida yake: usitazame juu, tazama gurudumu la mbele."

Wakuu, niliposikia maneno ya baba yanatoka katika kinywa cha mzee yule, kwa Kifaransa, nilitafuta mahali pa kukaa.

"Halafu nikahisi mkono umeondoka," akasema. "Nilidhani anabadilisha mkono. Nikaendelea kidogo. Ndipo nikasikia baiskeli inaanguka."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Hélène. Alisema: "Kama asingenisukuma, labda angekuwa hai. Waambie nyumbani kwenu. Wana haki ya kunichukia."

Nilimwuliza jambo moja tu. "Baada ya hapo ulifika juu?"

"Hapana. Sijapita mti huu tangu siku ile." Akageuza baiskeli yake ielekee chini.

Sikupanga nilichofanya. Niliiegemeza baiskeli ya Dieudo kwenye mwaloni, nikashika usukani wa Marcel, nikaugeuza.

"Panda," nikamwambia.

"Siwezi."

"Najua huwezi. Panda."

Kusukuma huku naendesha siwezi, mimi si mdogo wangu. Nilisukuma kwa miguu, mikono yote miwili mgongoni mwake, pale alipokuwa ameonyesha. Kiatu changu kilifunguka tena. Yeye alikuwa analia na kuzungusha miguu. Mimi nilitazama tairi la nyuma, maana la mbele sikuliona.

Tukafika kwenye ngazi ya lile kanisa. Akakaa pale akifuta uso kwa kofia. Mimi sikulia. Nilikuwa napanga maneno ya kumpelekea mama.

Halafu tukashuka pamoja mpaka kwenye mwaloni. Mimi nikashika usukani wa baiskeli ya Dieudo, Marcel akasukuma nyuma, tukaifikisha nayo juu.

Jioni, bandani, tope la siku ile lilikuwa limechanganyika na la kwetu. Nilimwomba Hélène radhi. Aliliangalia, akasema: "Sawa. Sasa naweza kuiosha."

Nilirudi Bunia. Watu walikusanyika uani kwetu, mama amekaa kwenye mkeka. Nilisimama nikaeleza kila kitu kwa utaratibu: mto, ng'ombe, mawe ya Warumi, kiatu. Kwenye kiatu wazee wa njia ya Kasenyi walicheka. Nilipofika kwenye mkono wa Dieudo mgongoni mwa mzee, hakuna aliyecheka.

Baba mdogo alisimama. "Basi ni ule muzungu alimumaliza! Si nilisema?"

Hilo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. Nilikuwa nimefikiria kulificha, nikaona habari ya kifo ikikatwa kipande, mama atalala chini mpaka afe.

"Shemeji, ikala kwanza," mama akasema, akimwashiria akae. Akanigeukia. "Ule muzee, iko na miaka ngapi?"

"Amepita makumi saba, mama."

"Na Dieudo alikuwa anamusukuma."

"Ndiyo. Kila Jumapili."

Akanyoosha ukingo wa mkeka kwa kiganja.

"Kisha mutoto yangu kuanguka, ule muzee alifika juu?"

"Siku ile, hapana. Alifika siku nilienda na yeye."

"Nani alimusukuma?"

"Miye, mama."

Alinitazama sana. Halafu akageukia watu.

"Munasikia? Nilisema hawezi kupanda mulima na kinga ya bure. Alikuwa na mzigo. Na mzigo ilifika."

Hapo ndipo alipolia. Kilio cha tangu mwaka jana, kilitoka chote mara moja, mpaka wanawake walimshika mabegani. Alipomaliza aliomba maji ya kunawa uso, akamwambia mmoja wao akunje mkeka.

Usiku ule alilala kitandani. Kifua bado kinamsumbua, na Jumapili jioni bado anaiweka simu karibu. Sitawadanganya kwamba mambo yamepona.

Nilichojifunza ni kidogo. Tulijua kazi ya Dieudo, tulijua baridi ya kule na afya ya mke wake. Hakuna aliyewahi kumwuliza Jumapili asubuhi anafanya nini. Kumbe saa chache kabla ya kila simu ile alikuwa kwenye mlima wa baba. Ninyi mlio mbali, waambieni watu wenu mnachokipenda, hata kama kitaonekana cha kipuuzi. Na ninyi mliobaki nyumbani, ulizeni.

Aliyewahi kupeleka habari ya kifo cha mbali kwa mzazi, aniambie hapa chini aliisemaje. Nitasoma yote, pamoja na ya wale watakaosema nilikosea kumtaja Marcel.

Na wewe unayepita njia ya Kasenyi kwa pikipiki siku hizi, ukimkuta mtu bado anasukuma kinga, simama kidogo. Weka mkono.