Blanketi la Bibi na Miaka ya Kobe

Jamani, aibu hii nimeificha mwaka mzima, ila shemeji zangu kila wakiniona wanacheka kabla hata sijasalimia, kwa hiyo bora muisikie kwangu kuliko muisikie imetiwa chumvi.

Ilikuwa sherehe ya shukrani ya Bibi Naelijwa kutimiza miaka tisini, huko juu milimani, kijijini Vudee. Huyu ni bibi mzaa baba wa mchumba wangu Nakunda. Posa yangu ilipelekwa tangu masika na wazee walikuwa kimya, lakini Nakunda alinidokeza kwamba jibu lingetoka siku hiyo, wageni wakitawanyika. Nikajua natazamwa. Nikanunua blanketi zito pale Same mjini (kule juu baridi haina adabu), nikafunga na tai shingoni.

Baada ya chakula MC akaita upande wetu, mimi na ndugu zangu, kutoa zawadi, tukaingia tukicheza, mimi mbele na blanketi kichwani. Ningelikabidhi tu nikakae, yangeishia hapo. Lakini nilipewa maiki, nami nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za wanyama wanaoishi sana, nikaona nisalimie kisomi kidogo, wakwe wajue wanapata mtu wa maana. Nikasema kuna kobe wanaopita miaka mia na hamsini, kuna nyangumi wa bahari za barafu anapita mia mbili, na sisi binadamu kufika mia tu ni bahati. Wakapiga vigelegele! Vigelegele vile ndivyo vilivyoniponza. Nikanogewa, nikamgeukia Bibi: "Na hili blanketi, Bibi, muuzaji kaniambia linadumu miaka kumi. Litakutosha kabisa!"

Nilisikia mbuzi akilia nyuma ya jiko.

"Litamtosha mpaka wapi?" akauliza shangazi yake Nakunda.

Mtu mwenye akili hapo anarudisha maiki. Mimi nikajibu, "Namaanisha, kwa hesabu za kawaida za binadamu..." na Nakunda akajifunika uso kwa kitenge, baba yake akavua miwani akaanza kuifuta polepole, MC akajifanya anatengeneza waya, nami jasho linanitiririka kwenye baridi ile, nikijua mke nimemkosa hivi hivi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bibi akaniita kwa kidole. Nikapiga magoti, nikaamkia upya. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyo kobe wako, nani anamwamkia?"

"Hakuna, Bibi."

"Wajukuu wanamletea kuni?"

"Hawamletei."

"Basi ana miaka tu, maskini." Akalivuta blanketi mapajani, akalipapasa. "Hili zuri. Likichakaa utaniletea jingine, na watoto wako ndio watakubebea."

Weee! Turubai zima likaangua kicheko, baba mkwe akacheka mpaka akakohoa, na shangazi yule yule ndiye aliyeninong'oneza, "Umeshajibiwa, inuka." Nililia kidogo pale chini, na sioni haya kusema, maana mzigo ulionitoka siku ile naujua mwenyewe.

Nimeoa, namshukuru Mungu. Ila nimeapa: mtu akitimiza miaka nitasema hongera, nitakabidhi mzigo, nitakaa. Hesabu za nani amebakiza nini ni za Mungu, na nikimwona Bibi anavyopanda kilima kwenda kanisani akituacha nyuma tunahema, naona hata Yeye hana haraka nazo.