Wanataka Niseme Programu Yangu Ilikosea

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, huku Isevya tunajuana. Mimi ni binti wa miaka 26, nimesomea kompyuta, nafanya kazi kwenye steshenari ya baba yangu mkubwa hapa Tabora. Tunachapa, tunatoa kopi, tunawajazia wanafunzi maombi ya chuo mtandaoni.

Intaneti ikawa inakwama kila siku kuanzia saa nne asubuhi. Fomu inazunguka weee, mteja anachoka anaondoka. Baba mkubwa akaamua mwizi ni Zuhura, mchapaji mwenzangu aliyetoka Nzega. "Huyu anakula bando kwa video zake," akasema mbele ya wateja, akamfukuza. Zuhura simu yake ni kitochi, haina hata intaneti, jamani, na kompyuta yake nilikuwa naiona kutwa nzima. Alilia nikashindwa kumtazama.

Kaondoka, na intaneti ikaendelea kukwama vilevile. Roho iliniuma. Nikakaa siku nne kuandika programu ndogo ya kupima kila kifaa kilichoungwa kwenye ruta yetu kinavuta data kiasi gani, saa ngapi, na kukitaja kwa jina lake. Baba mkubwa akafurahi, maana safari hii alimshuku fundi cherehani wa jirani. Ijumaa baada ya swala akaja na wadogo zake wawili. "Soma kwa sauti," akaniambia, "kila mtu amsikie mwizi."

Sitawadanganya, majibu nilishayaona. Ningeweza kumnong'oneza. Nikamkumbuka Zuhura, nikasoma: "Simu ya Alhaji."

Jina hilo baba mkubwa mwenyewe aliniagiza niliandike kwenye simu yake aliporudi Makka. Na kila saa nne hujifungia chumba cha nyuma, akisema anasikiliza mawaidha. Anatazama nini sijui, programu yangu inapima kiasi tu, haichungulii. Ila mkewe alipopata habari alicheka, akasema, "Ndiyo maana ile tamthilia ya Kituruki anajua mwisho wake kabla yangu." Na nyumbani ndiye anayetuzimia runinga, eti tamthilia zinaharibu watoto.

Sasa familia imekaa kikao. Nimwombe radhi, na niseme mbele ya walewale kwamba programu ilikosea, la sivyo nisikanyage dukani. Mama ananibembeleza, "Sema tu imekosea mwanangu, kompyuta haina uso wa kuona haya." Kweli haina. Lakini Zuhura anao, na kwao Nzega wameshaambiwa ni mwizi.

Sisemi. Kumwaibisha mtu mzima nimekosa, nakubali, hata leo nitampigia magoti na shikamoo yake ataipata. Lakini programu ilipima sawasawa, na Zuhura arudishwe kazini.

Nishaurini ndugu zangu, naombaje radhi kwa kusoma kwa sauti bila kukana nilichosoma? Na wewe utakayeniandikia niseme tu ilikosea, tangulia Nzega kwanza, ukamwambie mama yake Zuhura kwamba mwanawe aliiba.