Mwajabu Anataka Kutembea

Boti ilizima injini kwenye kijito kisichokuwa na jina katika ramani yangu, nikateremka Mbwera, tope hadi magotini. Watu wa gatini hawakunitazama. Walikuwa wameizunguka mizani ya magunia ya Miraji, mmoja wa wanunuzi wa mpunga waliofika tangu biashara iachiwe watu binafsi. Juu ya mizani alisimama mwanamke mjamzito.

"Shemeji, mpunga huu mbichi, siuchukui," alisema Miraji.

"Nipime, usininunue!"

Kilo mia na thelathini na nne. Mumewe, Hashimu, akaandika. Mizani ya zahanati iliishia mia na ishirini, na daktari wa Dar es Salaam ambaye angemzalisha alitaka uzito kamili.

Nilipanga chumba kwao, na mambo ya mwanamke yule nikayasikia kwake akipeta mchele. Aliitwa Mwajabu. Marehemu mama yake alizaa watoto saba akitembea uani. Uchungu ukibana hushika nguzo, ukiachia huendelea. Lakini kwenye uchungu wa kwanza wa Mwajabu, wakunga waliuogopa unene wake. "Ukianguka, nani atakuinua?" Wakamlaza.

"Siku mbili nautazama mlango wa uani," aliniambia. Mtoto, Chiku, alizaliwa salama. Hamu ya kutembea haikumtoka.

Kisha akasikia habari za hospitali moja ya binafsi huko Dar: sindano ya mgongoni, dawa kidogo, maumivu yanapungua na miguu inabaki na nguvu. Akaandika, na daktari wa huko akamjibu. Kwa mtu mnene sindano huchelewa kupata mahali pake. Atatembea tu akiweza kuinua miguu na kukunja magoti, tena ashikwe na muuguzi na ndugu mmoja mwenye nguvu. "Siahidi," aliandika.

Kila asubuhi Mwajabu alifanya mazoezi kwenye matuta ya mpunga, wifi yake Zuhra, mkata mikoko, nyuma yake. Hashimu, mwembamba kama upondo wa mtumbwi, aliomba awe yeye wa kumshika hospitalini.

"Nikikuangukia, bwana, mwanao atazaliwa yatima."

Siku ya safari maji yalikuwa yamekupwa. Wanaume wakaleta kitanda cha kamba wambebe hadi kwenye boti.

"Kitanda nitakikuta huko," alisema.

Akatembea topeni, Zuhra akimshika kwapani. Mguu ukazama, akauchomoa, akasimama, akakunja magoti mbele yetu.

"Mmeona?"

Akapanda boti na Zuhra; Hashimu alibaki gatini, Chiku begani.

"Watamwachia atembee?" aliniuliza.

Boti ilikuwa imeshakata kona.