Mwavuli wa Verediane

Mwalimu Bimenyimana, mwenye nyumba tuliyopanga, alibisha mlangoni akaomba poda ya mtoto. Nilikuwa namwogesha binti yangu Gatesi.

"Mwalimu, umezaa lini?" nikamuuliza.

"Bado mimba, Mama Gatesi." Hakucheka. "Ni ya roketi."

Amefundisha sayansi hapa Gisenyi tangu ujana wake. Mwaka tisini na nne alivuka kwenda Goma na mkewe Verediane, akarudi peke yake. Kipindupindu kilimchukua mama yule katika kambi ya wakimbizi. Kitu chake kilichorudi ni mwavuli wa buluu, vijiti vimevunjika. Roketi ilikuwa bomba la karatasi ngumu, urefu wa mkono. Aliachiwa zamani na padri mmoja, akaikuta darini aliporudi, na injini moja ya baruti ndani ya kopo la maziwa. Moja tu.

Alinieleza. Injini ikimaliza kusukuma, inalipuka kidogo na kutoa kitambaa juu. Kitambaa kikifunguka, roketi inashuka polepole. Kisipofunguka, inaanguka kama jiwe. Basi alikuwa amekata mwavuli ule ukawa duara, akaufunga nyuzi nane.

"Wanafunzi waone sayansi," alisema. "Mi nataka nione mwavuli ya Verediane inafunguka. Mara moja tu."

Siku hizo hulipui kitu bila askari kukiona. Mwaka uliotangulia kulikuwa na mapigano, mlio wowote ulitulaza chini ya vitanda. Kwa hiyo Jumanne tulikunja kitambaa mezani kwangu mbele ya Johnson, askari kijana aliyekulia Uganda. Nusu, nusu tena, nyuzi ndani zisisokotane, poda kila mkunjo ili kisijishike. Chini yake mwalimu alitia majani mawili mabichi ya kabichi ya kukinga moto.

"Mwalimu, unataka kupiga nani na hii?" Johnson akauliza.

"Mawingu."

"Na kabichi?"

"Haiungui haraka. Lakini ni ya kuweka na kurusha hapohapo."

Johnson alizungusha utepe wa karatasi wenye gundi pale kichwa kinapoungana na bomba, akaandika jina lake juu. "Nimeona ndani. Hakuna kufungua mpaka Alhamisi, mkubwa arudi asaini."

Mwalimu aliipokea tu. Tangu kambini hawezi kubishana na mwenye bunduki.

Mvua ilinyesha siku zote mbili. Mwalimu aliilaza roketi kitandani, upande uliokuwa wa Verediane. Kuiweka karibu na jiko asingethubutu, kwa sababu ya baruti.

"Yale majani yanatoa jasho," nilimwambia. "Kata gundi. Nitakunja upya, poda ipo."

"Najua, Mama Gatesi. Lakini jina ya mutu iko pale."

Alhamisi uwanjani alikuja askari mwingine na saini ya mkubwa. Johnson alikuwa amepelekwa Bugeshi. Mwalimu alivua kofia akaomba afungue kidogo tu, akunje tena. Askari alisoma jina kwenye ile gundi.

"Johnson ameona. Mi sifungui kazi ya Johnson." Akaikata yeye mwenyewe kwa wembe, kichwa kisije kikakwama, akasimama palepale. "Bon, haya, rusha."

Ikapanda vizuri, lazima niseme, mpaka nikamkinga Gatesi macho dhidi ya jua. Huko juu ukasikika mlio mdogo. Kichwa kikatoka, na nyuma yake likatoka donge la buluu kama ngumi. Nilisubiri. Mwalimu pia alisubiri, mikono ameinua kama anayetaka kupokea. Roketi ikaanguka juu ya mawe meusi nyuma ya goli, bomba likapinda katikati.

Wanafunzi walipiga makofi. Walikuwa hawajawahi kuona nyingine, walidhani ndivyo inavyoisha.

Nilimkuta mwalimu ameketi juu ya jiwe, donge mapajani. Poda ilikuwa uji. Ilinuka kabichi iliyochemshwa na mtoto aliyetoka kuoga. Alikibandua kitambaa mkunjo mmoja mmoja kwa ukucha, bila haraka, wanafunzi wakarudi darasani na askari akaenda zake. Kilipobaki wazi magotini kwake, upepo wa ziwa ukakiinua kidogo, naye akakishika ncha mbili.

"Ona, Mama Gatesi," akasema. "Iko inafunguka."