Bwana Mwangwi Apunguza Mzigo

Jina halisi la kinyozi wa mtaa wetu lilikuwa likitumiwa na mama yake peke yake. Sisi wengine tulimwita Bwana Mwangwi, na sababu ilikuwa gitaa lake. Akipiga noti moja alitaka ijirudie, izunguke ukumbi mzima, iage kila mgeni ndipo iondoke. Kwa miaka mingi alibeba sanduku la vyuma vya kukanyaga kwa mguu, vile vya kubadilisha sauti, pamoja na waya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Mgongo ulipogoma, daktari alimwambia achague: sanduku au kiuno.

Akachagua kiuno, akanunua tableti. Muuzaji alimhakikishia kwamba efekti zote za kwenye sanduku, yaani zile mbinu za kubadilisha sauti, zimo humo ndani, na nyingine kibao. Hizo nyingine kibao ndizo zilizomponza.

Bendi yao ilikuwa ya watu watatu: yeye, mkewe mwalimu wa chekechea aliyeimba, na kaka wa mkewe aliyepiga besi. Usiku wala mchana kinyozi hakubanduka kwenye kioo cha tableti.

"Mke wangu, sikia. Hii inaiweka sauti yako ndani ya pango. Na hii inakufanya uwe wanawake wanne!"

"Mimi mmoja nimekushinda," mwalimu akajibu, "hao wanne utawaweza?"

Hakusikia. Alizirundika zote, wakaenda nazo kwenye harusi ya fundi cherehani, jirani yao. Beti ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili, tableti ikapata moto. Mwalimu anafungua mdomo, lakini sauti inatoka kwenye spika baadaye kidogo, kana kwamba kuna mtu nyuma ya pazia anamwigiza. Shemeji akaufuata mdomo, kinyozi akaifuata spika, wimbo ukachanika vipande viwili. Kisha spika zikaanza kutatarika kama vitunguu kwenye mafuta ya moto, halafu kimya.

Mwalimu hakusita. Aliweka maiki chini akaendelea kwa sauti yake tupu, ileile inayowatuliza watoto darasani mvua ikipiga bati. Watu walimpigia makofi mpaka bibi harusi akasimama. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shemeji, usijali," mpiga besi alimwambia wakifungasha vyombo. "Leo umevumbua muziki wa kutosikika."

Kinyozi akacheka bila kupenda. Lakini kesho yake alianza kuuliza na kusoma, akaelewa kosa lilipo. Kila efekti inakula nguvu za tableti. Ukizijaza, inakuwa na kazi nyingi ya kufanya kabla ya kutoa sauti, ndipo inachelewa, na ikizidiwa inakatika. Kwa hiyo zichujwe, zibaki nyepesi na zenye kazi.

Mchujo ulifanyika kinyozini. Jioni mwalimu akitoka shule alisimama mbele ya kioo akaimba, na wateja wakafumba macho wasikilize. Mumewe anaondoa efekti moja, wasipogundua, hairudi.

"Nimetoa moja. Mmesikia tofauti?"

"Tofauti gani?" akauliza fundi bomba aliyekuwa kitini. "Mimi nasikia baridi upande mmoja wa kichwa. Nimalizie kunyoa!"

Wanawake wanne wakaondoka. Pango likaondoka. Ubishi ulibaki kwenye mwangwi wenyewe. Upo mmoja mzito, ulioiga jumba kubwa la mawe, na kinyozi aliapa hauachi. Upo mwingine wa kawaida, wa chumba kidogo, usioisumbua tableti hata chembe. Mkewe akamfunika macho kwa taulo, akawasha mmoja baada ya mwingine.

"Huu! Huu ndio jumba langu!" kinyozi akapiga kelele.

Akafunuliwa macho. Ulikuwa wa chumba kidogo. Fundi bomba alicheka hadi ikabidi wembe usubiri.

Basi wakabakiza ule mwangwi mwepesi, na efekti inayosawazisha sauti isirukeruke wala kuzama. Kinyozi akaomba sauti ya kujirudia kwa ajili ya gitaa lake.

"Wimbo mmoja tu," mkewe akasema.

"Miwili?"

"Mmoja, baba watoto."

Kazi iliyofuata ilikuwa kumuaga mkunga mkuu aliyekuwa anastaafu, katika ua wa hospitali. Kinyozi alizima intaneti na kila kisichohusika, akagusa mgongo wa tableti: baridi. Mwalimu akaimba, na sauti ikatoka pamoja naye. Wauguzi walicheza, madaktari wakacheza vibaya, na hakuna aliyewaza habari za spika. Kinyozi alihisi donge dogo la wivu kwamba hakuna anayezisifu efekti zake.

Ndipo mkunga mwenyewe akaomba maiki. Aliimba wimbo aliozoea kuwabembelezea watoto wachanga, kwa sauti ya kukwaruza. Kinyozi akampandishia mwangwi kidogo, kidogo tu. Mama yule akasikia sauti yake ikitua laini uani, akakatiza wimbo, macho yakamtoka.

"Kumbe nina sauti nzuri hivi!" akasema kwenye maiki. "Na miaka yote hii mmeninyamazia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akakataa kuirudisha maiki. Aliimba nyimbo nyingine tatu. Mwalimu alikaa chini, akavua viatu, akapumzika. Na kinyozi, jicho moja likiwa kwenye kioo cha tableti, akampigia gitaa kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye sanduku lake.