Siku Mama Alipoolewa

Juzi, kanisani Tunduma, mchungaji alibariki ndoa ya wazee wawili wenye wajukuu. Vijana waliokaa nyuma yangu walicheka kidogo. Mimi nilimkumbuka baba.

Ilikuwa alasiri, siku moja kabla ya Krismasi, nyumbani kwetu Mbozi. Mvua ilikuwa imekatika na udongo wa shambani ulinukia. Shangazi alikuwa akinyoosha gauni jeupe kwa pasi ya mkaa, akaniambia, "Kesho mama yako anaolewa."

Nilijua wanaoolewa huondoka kwao wakilia. Nikamkimbilia baba, aliyekuwa ameegemea ukuta akiota jua, amejifunika blanketi.

"Baba, mama anaolewa kesho."

"Najua, mwanangu. Ninamwoa mimi."

"Kwani hamjaoana?"

Alikohoa kwa muda mrefu. "Tuliishi tu. Mama yako ameniomba twende kanisani tangu hujazaliwa, nami nikawa nasema mwakani."

Nilifurahi kwamba mama haondoki. Sikuelewa kuwa baba ndiye aliyekuwa akiondoka, na kwamba alijua. Tulimzika kabla mahindi hayajakauka.

Lakini asubuhi ile ya Krismasi alisimama madhabahuni akiegemea bega la mama, akajibu kila swali la mchungaji kwa sauti. Kisha mama akapiga magoti kwenye Meza ya Bwana, ambayo miaka yote alizuiwa kuishiriki kwa kukosa ndoa. Aliporudi kwenye benchi alimshika baba mkono mbele ya watu wote, na hakuuachia mpaka ibada ilipokwisha.