Kifua Kilichojengwa na Maharage

Kwenye ghala la saruji kulikuwa na mchukuzi aliyeitwa Nguzo na kila aliyewahi kumwona akitembea na mfuko begani. Jimu hakuwahi kuingia maishani mwake. Mtu analipwa kunyanyua vizito, kwa nini alipe tena akavinyanyue? Kifua chake kilikuja chenyewe, kama sugu zinavyokuja viganjani. Alianza kazi hajaota ndevu, na sasa mvi zilikuwa zinamchungulia masikioni. Katikati hapo ilikuwa saruji tu, mfuko juu ya mfuko, na vumbi puani.

Siku moja walifika watu wa matangazo. Walikuwa wakitafuta, walisema, "mwili halisi." Wakamvua shati, wakampaka mafuta mpaka akang'aa kama sufuria mpya, wakamfuta saruji nyusini kwa brashi, kisha wakamkabidhi chuma cha mazoezi. Nguzo alijikaza kukipokea, nusura aanguke chali. Kilikuwa plastiki tupu iliyopakwa rangi nyeusi.

"Kunja uso kidogo," mpiga picha alimwambia. "Onyesha kwamba ni kizito."

"Kizito kipi?" aliuliza Nguzo.

Haikupita muda mrefu, sura yake ikawa madukani kote kwenye maganda ya baa za protini, juu ya maneno manene: NGUVU ILIYOFUNGASHWA. Kampuni ikamletea ghalani katoni mbili za baa zenyewe. Alipofika nazo nyumbani, mkewe alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Nini hizo?"

"Baa."

"Baa gani tena, baba watoto? Yaliyotupata hayatoshi?"

Nguzo akamenya moja, akauma. Ilimganda kwenye meno ya juu, ikakataa kutoka. Alipofanikiwa kuimeza alisema ilikuwa na ladha ya chaki iliyochovywa kwenye shira, na nusu iliyobaki akampelekea kuku. Kuku akaidonoa mara moja, akainua kichwa akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

Mkewe alikuwa mhudumu wa kliniki ya watoto. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa vichanga na kuwaambia mama zao wawapikie nini. Akalichukua lile ganda, akaligeuza nyuma, akasogea dirishani, maana herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa.

"Cha kwanza shira ya glukosi," akasoma. "Cha pili sukari. Cha tatu mafuta ya mawese. Protini..." Kidole kikashuka, kikashuka tena. "Ipo. Gramu kumi. Mayai mawili yanaipita, tena hayana haja ya picha yako."

"Na sukari?"

"Ishirini na mbili. Vijiko vitano vya chai na ushee. Hii ni pipi, mume wangu. Wameivalisha viatu vya mazoezi tu."

Wakacheka, na mambo yangeishia hapo kama si yule wa chumba cha uani.

Huyo alikuwa mdogo wake mke, muuza makava ya simu, kijana aliyekwenda jimu siku anayojisikia kwenda, na kwenye kioo kila akipita. Alikuwa amekula meza moja na Nguzo tangu ahamie pale. Kwa macho yake mwenyewe alimwona mchukuzi akishusha kilima cha maharage, samaki wakiwepo, maziwa jioni, kisha akilala kama gogo. Lakini macho yana faida gani kwa mtu mwenye ganda lililochapishwa kwa rangi?

"Shemeji, usinifiche," alimnong'oneza. "Kwa siku unakula ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Hizi zako."

"Nilionja moja, nikampa kuku nusu."

Kijana akacheka cheko la mtu anayejua siri za wakubwa. "Sawa. Kampuni imekufunga mdomo. Naelewa."

Akaziomba zile katoni, akapewa. Tangu hapo akawa haketi tena mezani. Dada yake akipakua, yeye anasimama mlangoni akitafuna, ameshika ganda lenye uso wa shemeji yake, na shemeji mwenyewe yuko mbele yake anakula maharage.

"Njoo ule, mdogo wangu."

"Maharage ni wanga, dada. Mimi niko kwenye protini."

"Ni wanga ndiyo, na protini imo tele. Hiyo yako ni sukari tupu!"

"Wewe ni wa vichanga, dada. Huku ni mambo ya watu wazima."

Kisha jimu mpya ilifunguliwa, na kampuni ikamwalika Nguzo. Akafika na shati lake la kanisani. Wakamwomba alivue, akakataa. Vijana walijaa, wenye fulana zilizobana na mikono wameitenga na mbavu kana kwamba wamebeba matikiti kwapani. Msemaji wa kampuni akampa kipaza sauti.

"Hebu tuambie, kaka. Nini kimekujenga hivi?"

Nguzo hakuwa mtu wa maneno mengi, ila uongo ulikuwa unamwasha. "Saruji," alisema. "Nabeba saruji. Na nyumbani nakula maharage. Hiki kitu chenu nilikionja mara moja, sikurudia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walipiga makofi, wakapiga miluzi. Msemaji alimkumbatia begani huku akifuta machozi. "Tena mcheshi!" akapaza sauti. "Jamani, nguvu na ucheshi!" Na foleni ikajipanga kwenye meza ya mauzo hadi mlangoni, shemeji yake akiwa wa kwanza. Nguzo alibaki jukwaani ameshika kipaza sauti, akitazama watu wazima wakigombea peremende.

Kilichofuata kilijulikana nyumba nzima. Tumbo la kijana likaanza kuzungumza. Usiku lilinguruma, mchana lilitoa hewa ambayo wateja wake dukani walisingiziana. Kisha kifungo cha suruali kikaruka. Dada yake akamburuta hadi kliniki, akampandisha kwenye mizani ya akina mama.

"Umeongezeka," alisema.

"Misuli ina uzito, dada."

"Misuli ya wapi? Geuka." Akamfinya ubavuni kwa vidole viwili. "Huu ndio msuli?"

Kijana akashusha fulana. Ila kwa muda mezani alirudi, akala akiwa amenuna.

Baada ya miezi kadhaa maganda mapya yakatoka. Nguzo aliliona moja limetupwa langoni mwa ghala, akaliokota. Kifua kilikuwa chake. Alikitambua kwa kovu la chini ya bega. Lakini juu yake walikuwa wamepachika kichwa cha kijana mwingine, mwenye meno meupe na nywele za kinyozi ghali. Akaenda nalo nyumbani kumchekesha mkewe. Aliyelinyakua ni shemeji, akalisogeza karibu na macho, akalikazia.

"Unaona sasa?" alisema kijana, sauti imeshuka kwa heshima. "Huyu anazila kweli. Tazama kifua, shemeji. Wewe hukuwahi kufika hapa."

Nguzo akainua ndoo yake ya maji ya kuoga. Akamwambia asogee ampishe.